Baridi ya Julai haifanani: kwa nini Arusha hatuoni jua na Njombe jua linawaka?

#1 Mwana_Meru
Wakuu salaam. Kila mwaka ikiingia Juni tunaambiwa kipupwe hicho, toeni masweta, kana kwamba baridi ni moja nchi nzima. Sasa nisikilizeni. Hapa Arusha wingu linalala juu ya mji tangu alfajiri. Mlima Meru huuoni, saa sita mchana taa bado zinawaka maofisini. Jua likijitahidi sana linachungulia saa tisa, likimaliza kutusalimia linarudi zake. Lakini usiku si wa kutisha, blanketi zito moja linatosha.

Mdogo wangu yuko Njombe. Picha anazonitumia ni anga la buluu tupu, wingu hata la dawa hakuna, na saa nne asubuhi keshavua koti. Ila siku hiyohiyo saa kumi na mbili alinitumia picha ya bustani: nyasi nyeupe, umande umeganda kwenye majani, anasema ukikanyaga unasikia zinavunjika chini ya kiatu.

Mwezi ni uleule, nchi ni moja. Mwenye maelezo atiririke. Na nyie wengine tupeni ya kwenu, huko mliko kukoje sasa hivi?

#2 Tutafika
Nimekaa kiti cha mbele.

#3 NyandaZaJuu
Mdogo wako hajakupiga kamba. Na hiyo ni Njombe mjini tu, panda Makete au uende Kitulo, kule ni zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, ndipo utajua hujui. Viazi vinaungua kwa baridi, jani linakuwa jeusi kama limepitiwa na moto.

Jibu ni mwinuko, hakuna uchawi. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi 6 na ushee. Arusha mko mita 1,400 hivi, Njombe inakaribia 2,000. Hesabu imeisha, mods fungeni uzi.

#4 Mwana_Meru
Usifunge kwanza mkuu. Mwinuko umenieleza baridi, haujanieleza wingu. Nairobi na Mbeya mjini zote zinacheza kwenye mita 1,700. Mbona Julai Nairobi ni kiza na Mbeya ni jua?

#5 Nairobi_Asubuhi
Nathibitisha hiyo ya kiza. Julai hapa kwetu kuna siku joto la mchana halifiki nyuzi 18, na asubuhi ilikuwa 12. Yaani kutoka asubuhi hadi jioni karibu hakuna tofauti. Unaamka kijivu, unakula mchana kijivu, unarudi nyumbani kijivu. Kunadondoka rasharasha isiyolowesha hata vumbi. Halafu ukishuka Mombasa siku hiyohiyo ni 27 na watu wanaogelea.

Jamaa wa Limuru hapa ofisini anatucheka, anasema sisi tunaonja tu.

#6 Kidato_Cha_Pili
Mbona hii ni rahisi jamani. Mwezi wa saba dunia inakuwa mbali zaidi na jua. Ndiyo maana baridi.

#7 Fundi_Ramani
@Kidato_Cha_Pili nusu umepatia. Ni kweli mwanzoni mwa Julai dunia iko mbali na jua kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na mwanzoni mwa Januari iko karibu. Lakini tofauti yenyewe ni kilomita milioni 5 kati ya milioni 150. Ingekuwa hiyo ndiyo sababu, London nayo ingeganda Julai. Kinyume chake, huo ndio wakati wao wa joto. Sababu ni dunia kukaa upande: Juni nusu ya kaskazini imelielekea jua, sisi wa kusini tumelipa mgongo kidogo.

#8 Nairobi_Asubuhi
@Fundi_Ramani hapo sasa ndipo ninapokwama. Nairobi iko digrii moja tu na ushee kusini mwa ikweta. Juni jua la adhuhuri linakuwa limeegemea kaskazini kama digrii 25 kutoka utosini. Desemba linaegemea kusini kama digrii 22. Ni karibu sawa! Ingekuwa ni suala la jua kuegemea, basi Desemba nayo tungevaa makoti. Desemba ni raha tupu, anga safi.

Kwa hiyo kuna kitu kingine kinapika hii baridi.

#9 Tutafika
Kidato_Cha_Pili amepewa kazi ya nyumbani.

#10 Bi_Pwani
Ndugu zangu wa bara, mnazunguka sana na jua, ulizeni upepo. Huku Unguja mwaka tunausoma kwa pepo, tena tangu enzi za majahazi.

Kaskazi ndiye wa Desemba mpaka Februari: joto, bahari ya mashariki imelala, vumbi. Akishaondoka huja kipindi cha tangambili, upepo hauna mwenyewe, leo huku kesho kule, na hapo ndipo masika humwaga. Baada ya hapo kusi anashika. Juni, Julai na Agosti ndiye mwenye nyumba. Nenda Makunduchi au Paje uone bahari inavyokatika kwenye mwamba, ngarawa zimevutwa juu. Mchana 28, usiku unashuka mpaka 20 au pungufu, na sisi kwa hiyo 20 tunajifunika gubigubi, mtucheke mkitaka. Katikati huanguka mvua ndogo za mchoo, siku mbili tatu basi. Ikiisha hiyo ni demani, kusi ameshachoka, bahari inakaa vizuri hadi vuli.

Huyo kusi anayetupoza sisi ndiye anayepanda huko kwenu akawafunika kwa wingu.

#11 Mzee_Barometa
Bi_Pwani amegusa penyewe, nami niongeze mbao.

Kipindi hiki mgandamizo mkubwa wa hewa unajijenga kusini mwa Bahari ya Hindi, maeneo ya visiwa vya Mascarene (Mauritius na jirani zake). Hewa inasukumwa kutoka huko kuja kwetu, ndiyo kusi yenyewe. Imepita juu ya bahari, kwa hiyo ina unyevu, tena ni ya baridi. Ikifika bara inakutana na mwinuko, inapanda, inapoa, inakuwa wingu. Kwa nini hainyeshi mvua ya maana? Kwa sababu juu yake, si mbali sana, kuna tabaka la hewa kavu yenye joto inayoshuka. Hiyo inakuwa kama mfuniko wa sufuria: wingu likipanda linagonga, linatandaa ubavuni. Unapata shuka la wingu jembamba lililotanda mji mzima, rasharasha, na jua halipiti.

Hiyo ni Nairobi, Arusha, Lushoto, na miteremko yote inayotazama mashariki na kusini mashariki. Mchana hapati joto maana jua limezuiwa, usiku hapoi sana maana wingu linazuia joto la ardhi lisipotee. Njombe kinyume chake: anga wazi, mchana jua linafanya kazi, usiku joto lote linatoroka juu hadi umande unaganda.

Kwa hiyo mleta mada, mnazo baridi mbili tofauti. Yako ni ya wingu, ya mdogo wako ni ya anga wazi.

#12 Mwana_Meru
Shikamoo mzee. Hapa nimepata kitu. Asante.

#13 Majani_Mufindi
Samahani nakuja kuharibu. Niko Mufindi, ukingo wa mashariki. Kwa gari hadi Njombe si safari ya kulala njiani. Julai sisi tuna ukungu! Asubuhi huoni mti ulio hatua ishirini mbele, mashamba ya chai yamelowa bila mvua. Nikienda Mafinga mjini, mwendo mfupi tu kuingia ndani, nakuta jua linawaka na vumbi.

Na Tukuyu je? Inakaa Mbeya hiyohiyo mnayoiita ya jua, na inapata mvua karibu mwaka mzima, zaidi ya milimita 2,000. Msituwekee Nyanda za Juu Kusini zote kwenye gunia moja.

#14 NyandaZaJuu
Mufindi mna ukungu wenu binafsi, hamjawahi kuwa watu wa kawaida.

#15 Mzee_Barometa
@Majani_Mufindi hujaharibu, umesaidia. Ukingo wako unatazama mashariki, unapokea kusi uso kwa uso. Ukivuka kilele hewa inaanza kushuka, ikishuka inapata joto, wingu linayeyuka. Ndiyo Mafinga hiyo. Tukuyu ina Ziwa Nyasa chini yake na milima ya Livingstone na Rungwe imeizunguka, unyevu hauna pa kutokea.

#16 Rombo_Kwa_Juu
Hili la upande wa mlima sisi wa Kilimanjaro ndio walimu. Msitu wa kusini, juu ya Kibosho na Machame, unapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Zunguka mlima huohuo uende kaskazini, utaikuta Amboseli ni vumbi na tembo. Kilele ni kimoja, barafu wanaiangalia wote wawili.

Julai Moshi mjini wiki nzima mnaweza msiuone mlima. Watalii wanafika wanauliza "uko wapi?" unawaonyesha wingu.

#17 Idodomya
Nyie mnalia wingu. Sisi Dodoma tangu mwisho wa Aprili hatujaona tone na hatutegemei hadi mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mwaka mzima milimita 570 hivi, Tukuyu wanazipata kabla hawajastuka. Julai kwetu ni upepo. Unaanza asubuhi saa tatu, unapiga hadi jioni, mkavu, midomo inapasuka, milango inabamizwa. Usiku unashuka hadi 13. Kwa mtu aliyetoka Dar na fulana, hiyo inatosha kumfundisha adabu.

Swali langu mimi ni jingine: kwa nini wengine wana vuli na masika, sisi tuna mmoja tu?

#18 Fundi_Ramani
@Idodomya hili ndilo ninalolipenda. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wenyewe wameigawa nchi hivyo. Pwani ya kaskazini, nyanda za kaskazini mashariki na Kanda ya Ziwa ni misimu miwili: vuli Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Kuanzia Kigoma, Tabora, Singida, Dodoma kushuka hadi Mtwara na Ruvuma ni mmoja, Novemba hadi Aprili, wenyewe wanauita Msimu.

Maelezo ya shule: ukanda wa mvua unalifuata jua ukiwa umechelewa wiki kadhaa. Jua linapita ikweta Machi kwenda kaskazini, linarudi Septemba kwenda kusini. Aliye karibu na ikweta anapitiwa mara mbili, na pito hizo zimeachana miezi sita, kwa hiyo mvua mbili. Ukishuka kusini, mfano digrii 10 kwa watu wa Lindi na Mtwara, jua linapita utosini Oktoba likienda na Februari likirudi. Pito mbili zimekaribiana, ukanda unazunguka hapohapo, mvua zinaungana.

#19 MtuWaLushi
Jambo kwa wote. Mimi niko Lubumbashi, Kongo, Kiswahili chetu mtakivumilia. Fundi_Ramani anasema kweli. Sisi tuko digrii 11 na nusu kusini, mvua ni moja tu, inaanza Oktoba mwishoni ao Novemba, inaisha Aprili. Kisha ni kukauka kabisa. Sasa hivi Julai usiku inafika nyuzi 7, na mchana jua ni zuri sana, kama Njombe. Vumbi nyekundu mpaka ndani ya kabati.

Lakini mjue hivi: baridi si mwisho wa shida. Oktoba ndiyo mwezi wa joto kuliko yote, nyuzi 33, mawingu yanakusanyika kila jioni na hainyeshi. Watu wanagombana bure.

#20 JuaKaliTabora
@MtuWaLushi karibu ndugu, umenisemea. Tabora pia Oktoba ndiyo tanuri. Watu wa Dar hawaelewi nikiwaambia hivyo, wao joto lao ni Januari na Februari. Ukifikiria utaona sababu: kwetu Januari kuna mvua na mawingu, jua linakosa nafasi. Oktoba jua linapita utosini, ardhi imekauka miezi mitano, hakuna unyevu wa kupoza. Moja kwa moja linatuchoma.

Nairobi je, mwezi wenu wa moto ni upi?

#21 Nairobi_Asubuhi
Februari na Machi mwanzoni, kabla mvua ndefu hazijafika.

#22 Garissa_Njema
Hiyo hesabu ya Fundi_Ramani inapendeza kwenye daftari. Mimi niko Garissa, nusu digrii kusini mwa ikweta. Kisangani, kule Kongo, iko nusu digrii kaskazini. Jua linatupita sote siku zinazokaribiana kabisa. Kisangani mvua inanyesha kila mwezi wa mwaka, zaidi ya milimita 1,600. Garissa mwaka mzima haifiki 400. Jua likiwa ndiye dereva, mbona abiria mmoja amelowa na mwingine amekauka?

#23 Tutafika
Fundi_Ramani njoo huku, unaitwa.

#24 Fundi_Ramani
Niko hapa. Jua linaeleza lini, haliwezi kueleza kiasi gani. Kiasi ni unyevu unaotoka wapi. Kisangani wana msitu unaorudisha maji hewani kila siku, na upepo wa Atlantiki unaoingia kutoka magharibi. Garissa inapitiwa na kusi na kaskazi ambazo zinakwenda sambamba na pwani, haziingii ndani kumwaga.

#25 Mzee_Barometa
Hapo mimi na Fundi tunaachana njia. Kwenda sambamba na pwani ni sehemu tu. Milima yetu ya Kenya na Ethiopia imesimama kama ukuta, kusi inabanwa inakuwa mto wa upepo unaokimbia kando ya ukuta huo kuelekea Somalia. Hewa inayokimbia hivyo inasambaa, haikusanyiki, na bila kukusanyika mvua hakuna. Ongeza na bahari ya Somalia: upepo huo unasukuma maji ya juu, maji ya baridi ya chini yanapanda. Bahari ya baridi, mvua utoe wapi?

#26 Fundi_Ramani
Mzee hiyo ya maji ya baridi ni ya Julai na Agosti. Masika ya Garissa ni Aprili, maji bado ni ya moto kabisa, na bado wanapata kidogo. Tukubaliane kutokukubaliana.

#27 Lodwar_Upepo
Mnaongea upepo kubanwa na hamjatutaja? Turkana! Kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya kuna bonde, upepo wa kusini mashariki unapenya humo mwaka mzima, usiku na asubuhi ndiyo balaa. Ndiyo maana mitambo ya umeme wa upepo 365 imejengwa kule Loiyangalani. Mvua Lodwar ni kama milimita 200 kwa mwaka. Baridi ya Julai kwetu ni hadithi tunayoisoma humu.

#28 Skafu_Minnesota
Nimecheka sana kwa "usiku 20 tunajifunika gubigubi". Huku Januari ni hasi 20 asubuhi, pua inaganda ndani. Nyie wote hamna baridi.

#29 Bi_Pwani
@Skafu_Minnesota ndani umewashiwa kipasha joto, sisi nyumba ina matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Njoo ulale Lushoto Julai kwenye nyumba isiyo na kipasha joto ndipo tuzungumze.

#30 Skafu_Minnesota
Hiyo kweli aisee. Nikiwa likizo Iringa nililala na koti.

#31 Bukoba_Mawimbi
Turudi kwenye mvua. Watu wa Kanda ya Ziwa mmewekwa kundi moja na Fundi_Ramani, mimi napinga. Bukoba tunapata kama milimita 2,000. Musoma, ng'ambo ya ziwa hilohilo, ni kama nusu yake au pungufu. Na kwetu mvua ina saa yake: alfajiri. Unasikia radi inatokea ziwani saa kumi usiku, saa kumi na mbili bati linapigwa, saa nne imeisha.

#32 Kisumu_Jioni
Na sisi huku mashariki mwa ziwa ni jioni! Asubuhi safi kabisa, saa nane mawingu yanajenga juu ya milima ya Nandi, saa kumi kimenuka. Kericho ndio usiseme, wale mvua ya mawe ni jirani yao. Inatajwa miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi kuliko zote duniani.

#33 Msukuma_Wa_Ziwa
Sababu inajulikana. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, mawingu yanapanda juu ya vilima. Usiku nchi kavu inapoa upesi, upepo unageuka, hewa ya pande zote inakutana katikati ya ziwa na kupanda, radi inazaliwa huko. Kisha upepo wa juu unaotoka mashariki unaisukuma dhoruba magharibi, anayeipokea ni Bukoba. Musoma imeachwa nyuma ya mgongo. Wavuvi wanaijua hiyo radi ya usiku, haina mchezo.

#34 Kitale_Mahindi
Na mnasahau sisi. Nairobi Julai ni rasharasha, Garissa ni vumbi, lakini Kitale na Eldoret Julai na Agosti mvua inapiga. Kwetu ni msimu mmoja mrefu kutoka Machi hadi Septemba. Wengine wanasema ni hewa ya unyevu inayotoka upande wa Kongo, wengine wanasema ni Ziwa Victoria. Mimi naona tu inanyesha.

#35 Nairobi_Asubuhi
Kwa hiyo Kenya peke yake Julai kuna baridi ya wingu, mvua kubwa, ukame na kuogelea. Na mtu anaandika "hali ya hewa ya Kenya" kwenye sentensi moja.

#36 Muscat_Asili_Pemba
Assalaam alaykum. Nimesoma yote na nataka kumalizia safari ya huyo kusi wenu, maana anakuja huku. Akivuka ikweta anapinda kulia, anapita kando ya Somalia, anaingia Bahari ya Arabia. Hapa Muscat Juni na Julai joto linapita 40, hata kivuli kinachoma. Lakini ukienda kusini, Salalah, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba upepo huohuo unagonga milima ya Dhofar: ukungu, rasharasha, nyuzi 25, majabali yanakuwa kijani. Watu wanafunga safari kutoka Ghuba nzima kwenda kutafuta hicho mnachokilalamikia Arusha. Ukiendelea unafika India, Kerala wanausubiri kwa hamu mwanzoni mwa Juni.

Mimi nilipokuwa mdogo Pemba tukiona kusi amekaza, hatukujua kama kuna mtu mwingine anamsubiri mbele.

#37 Mwana_Meru
Yaani wingu langu kuna watu wanalilipia hoteli.

#38 Tutafika
Tuanze kusafirisha nje.

#39 Zamani_Ndiyo_Zamani
Mnaongea kana kwamba misimu bado ipo. Zamani masika ilikuwa na tarehe. Siku hizi Machi unapanda, mvua inakuja Aprili katikati au inakuja Februari kabla hujalima. Hali ya hewa imeharibika, kwisha habari.

#40 Fundi_Ramani
Joto la dunia linapanda, hilo halina ubishi. Lakini vuli haijawahi kuwa na adabu. Kinachoiyumbisha zaidi ni bahari. Maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, huku kwetu, yakiwa ya moto kuliko ya upande wa Indonesia, tunamwagiwa. Yakiwa kinyume, tunakauka. Vuli ya 2019 ilikuwa hivyo, mafuriko kila kona, na wala hapakuwa na El Niño (maji ya Pasifiki kuwa ya moto kuliko kawaida) ya maana.

#41 Kisumu_Jioni
Na 1997/98?

#42 Fundi_Ramani
1997 vyote viwili vilikuja pamoja, ndiyo maana kila mtu mzima anaikumbuka. 2015 El Niño ilikuwa kubwa kwelikweli, tukatishwa, na Kenya mvua ikaja ya wastani kwa sehemu nyingi. Kwa hiyo mkisikia El Niño, ulizeni kwanza Bahari ya Hindi inasemaje.

#43 Garissa_Njema
2020 hadi 2022 ilikuwa La Niña (kinyume cha El Niño) mfululizo, huku misimu mitano ikapita bila mvua ya maana. Hiyo haikuwa ya daftari, mizoga ilijaa barabarani. Hapo sitanii.

#44 Zamani_Ndiyo_Zamani
Na kimbunga je? Mei 2024 Hidaya imefika Mafia. Lini mlisikia kimbunga Tanzania? Hiyo si mabadiliko ni nini?

#45 Bi_Pwani
Tulisikia. Aprili 1872 Unguja ilipigwa na kimbunga, mikarafuu iling'oka karibu kisiwa kizima. Aprili 1952 Lindi nayo ilipigwa. Ni nadra, lakini si kigeni.

#46 Mzee_Barometa
Nadra kwa sababu kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ukisaidie kujisokota, na karibu na ikweta msaada huo ni mdogo. Ndiyo maana Msumbiji wanapigwa kila mara na sisi tunapata mikia. Kama vitaongezeka au la, huo ni uzi mwingine.

#47 Zamani_Ndiyo_Zamani
Nyie endeleeni na bahari zenu. Mimi nalima, najua ninachokiona.

#48 Majani_Mufindi
Pendekezo: kesho saa kumi na mbili kila mtu aandike hapa joto la alipo, tuone nani ni mbabe.

#49 NyandaZaJuu
Mmeshindwa tayari. Leo Makete simu imesoma 3.

#50 Mzee_Barometa
Simu haipimi hewa ya nje mkuu. Inakuletea makadirio ya eneo zima. Bondeni hewa ya baridi inatiririka na kutuama usiku, mlimani mita mia juu yake joto linaweza kuwa zaidi kwa nyuzi kadhaa. Mwenye kipimajoto ndiye ashindane.

#51 Idodomya
Mimi ninacho. Simu inasema 13, kipimajoto changu kinasema 19. Nani mkweli?

#52 Mzee_Barometa
Umekitundika wapi? Kinatakiwa kivulini, hewa ipite, mita moja na nusu hivi kutoka ardhini, mbali na ukuta.

#53 Idodomya
Ukutani, nyuma ya jiko.

#54 Tutafika
Basi hicho kinapima jiko.

#55 NyandaZaJuu
Dodoma wameondolewa mashindanoni kwa udanganyifu. Anayefuata.